Nilipokalia Mguu wa Mlingoti

Watu wa ziwa letu wana ujinga mmoja ambao sijausikia kwingine. Wanasema chuma hakiozi ndani ya maji ya ziwa. Chuma huoza Mombasa, kule kwenye maji ya chumvi. Maji yetu ni matamu, ng'ombe wanakunywa, watoto wanakunywa, basi chuma kitadhurika na nini? Nimewasikia wanaume wenye ndevu wakisema hivyo huku wamesimama kando ya ndoo iliyotoboka kwa kutu, ndoo ambayo tangu ilipotoka dukani haijawahi kuona maji mengine ila ya ziwa hilo hilo.

Mimi shule niliionja tu, nikatolewa nilee wadogo zangu. Lakini baba yangu alifanya kazi kwenye karakana ya meli pale Kisumu, na kazi yake ilikuwa kugonga. Meli ikipandishwa nchi kavu aliizunguka na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza, anapiga hatua moja, anagonga tena. Chuma kizima hulia kama kengele ya kanisa. Chuma kilichooza hukujibu kama mtu uliyemwamsha usingizini. Nyumbani alinifundisha kwa jembe, kwa sufuria, kwa bawaba za mlango. Aliniambia, "Macho hula hongo. Paka kitu rangi, macho yanakubali. Sikio halijui rangi." Hiyo ndiyo elimu yangu, na sijaona digrii iliyoishinda.

Aliyenioa naye alikuwa mtu wa vyuma. Wazungu wa Kisumu walikuwa na klabu yao pwani ya ziwa, na yeye aliajiriwa kutunza mashua zao za tanga. Ile klabu nayo! Watu wazima walivaa kaptura nyeupe, wakapanda mashua, wakazunguka majini bila wavu, bila mzigo, bila abiria, kisha wakarudi pale pale walipoanzia na kupongezana. Lakini kwa vyuma vyao walikuwa makini, sitawanyima hilo. Uhuru ulipokuja wengi walifungasha, na mmoja wao akamwachia mume wangu, badala ya asante, nyaya mbili nene za mlingoti pamoja na vyuma vyake vyote.

Akavileta kwao Asembo Bay, akaundiwa mashua ya mizigo. Mashua nyingine pale ufuoni zilifunga milingoti yao kwa kamba ya katani. Yetu ilisimama kwa nyaya mbili, mmoja kila upande, kutoka kichwani mwa mlingoti hadi ubavuni. Kwa ndani ya kila ubavu palikuwa na bamba la chuma lililokazwa kwenye mbao kwa bolti. Waya na bamba viliunganishwa na chuma kilichokunjwa, chenye pini, ambacho sisi tulikiita pingu. Bamba likiachia, waya unaachia. Waya ukiachia upepo ukiwa upande ule, mlingoti unaanguka na tanga lake, na mashua inalala juu ya watu. Mambo ni hayo tu, mtoto anaweza kuyaelewa. Wanaume wa Asembo Bay iliwachukua muda zaidi.

Mashua ile ilipoingia majini mara ya kwanza ilipokelewa kama bibi harusi, ndivyo ilivyokuwa desturi. Iliimbiwa, kuku akachinjwa, wazee wakaitangaza kuwa mke wa pili wa mume wangu. Nami nilipiga vigelegele. Mke mwenza asiyekula si mke mwenza mbaya. Lakini desturi ilikuwa na mkia wake: mguu wa mlingoti ulihesabiwa kuwa kitanda cha bibi harusi huyo. Mimi, mke wa kwanza, sikuruhusiwa kukaa hapo wala kupaegemea. Mke hakai kwenye kitanda cha mke mwenzake. Nikisafiri nilikaa nyuma ya mlingoti na magunia ubavuni, na magunia yalikuwa yangu: samaki aina ya ngege waliopasuliwa na kutiwa chumvi, niliokuwa nikiwapeleka ng'ambo kwenye soko la Kendu Bay.

Mume wangu alipokuwa hai, kila mwezi alivipitia vyuma vile kwa nyundo, kitambaa na mafuta ya taa. Kisha homa ikamchukua kwa siku tatu.

Baada ya mazishi, wazee walimpa mdogo wake mashua aiangalie. Akaiangalia kweli. Aliiangalia tu. Shemeji yangu huyo alikuwa ametoka Mamboleo, ambako alikaa miaka akiandika mizigo ya malori, na kalamu ilikuwa bado mfukoni. Alipanda mashua na viatu. Alining'iniza filimbi shingoni, ya kuwapulizia mabaharia watatu waliosimama hatua mbili kutoka kwake. Kazi yake ya kwanza ya unahodha ilikuwa kununua kopo la rangi ya fedha na kuvipaka vyuma vyote bila kukwangua hata kimoja. Ufuo mzima ulikuja kutazama. Wakasema, "Mashua imekuwa mpya!" Watu wa kwetu ukitaka wakuamini, ng'arisha kitu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mvua ndefu zikiwa zimekatika, nilipoona mchirizi wa rangi ya chai ukitoka chini ya ile fedha, kwenye bamba la kulia.

"Shemeji," nikamwambia, "hicho chuma cha kulia kinatoa machozi."

"Ni uchafu, Mama."

"Uchafu gani unaotoka ndani?"

"Nimepaka rangi mara mbili. Kutu itapitia wapi?"

"Rangi ni blanketi. Mgonjwa ukimfunika hajapona."

Mabaharia wakacheka. Yeye hakupenda kuchekwa. "Nyar Kisumo," akasema, maana kwa ndoa niliitwa hivyo, binti wa Kisumu, "rudi kwa samaki wako. Haya ni maji matamu. Chuma hakiozi hapa." Akapuliza filimbi, ingawa hapakuwa na jambo la kupulizia.

Ningeweza kumwacha aongoze jeneza lake. Lakini wiki ile ile habari ilikuja kutoka Kendu Bay kwamba kaka yake mama mkwe wangu amelala, hali chakula, na anamtaja dada yake. Meli ya abiria ilikuwa imepita jana yake, na nyingine ilikuwa mpaka wiki ijayo. Mama mkwe akasema atavuka Alhamisi kwa mashua ya mwanawe. Alikuwa mama mzito, mwenye miguu mibovu, asiyejua kuogelea hata kidogo. Na safari ya Kendu hutegemea upepo wa mchana, ambao ukielekea kule unakupiga kutoka kulia. Bamba la kulia ndilo lingebeba kila kitu.

Alhamisi asubuhi niliingia majini hadi kiunoni na nyundo ya marehemu baba. Nikanyoosha mkono juu ya ukingo, nikagonga bamba la kushoto. Likalia. Nikazunguka, nikagonga la kulia. Likasema pu, kama boga.

Nilimwambia shemeji mbele ya mama yake, aliyekuwa ameshaletwa ufuoni na kiti chake na kuku wa kumpelekea mgonjwa.

"Bamba limeoza. Lifunguliwe kwanza."

"Mama amepanda mashua hii mara ngapi?" akauliza, huku anawatazama mabaharia. "Imewahi kumzamisha?"

"Mtu hufa mara moja, bwana. Hafanyi mazoezi."

"Tukirudi nitalitazama."

Nikamgeukia mama mkwe. Naye, kwa huzuni yake, hakuwa na masikio. "Kaka yangu hamsubiri fundi," akasema. "Niingizeni."

Basi mimi nikaingia kwanza. Nikapita magunia, nikapita mahali pangu, nikaenda mbele na kukaa chini kwenye mguu wa mlingoti. Nikaukumbatia kwa mikono miwili na kujifunika kanga yangu kama mtu anayejiandaa kulala.

Hata wanawake wa kuparua samaki walisimamisha visu.

"Nyar Kisumo," shemeji akasema polepole, "toka hapo."

"Nimechoka. Nimekaa."

"Unajua umekaa wapi?"

"Kwenye kitanda cha mke mwenzangu. Na ni kigumu, maskini, sijui mume wetu alilalaje."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Baharia wa kwanza akaruka majini. Wa pili akamfuata. Wa tatu alisimama kidogo, akamtazama nahodha wake, kisha naye akaruka. Hakuna hata mmoja ambaye angepandisha tanga juu ya mwiko uliovunjwa na mjane, mpaka mashua isafishwe kwa manyasi, dawa ya mizizi. Na mzee aliyejua kuipika aliishi mbali, juu bara, safari ya siku nzima kwenda na siku nyingine kurudi. Mimi ni mtu wa kanisa, dawa ile sikuiamini na sikuiogopa. Lakini wanaume wale ambao hawakuogopa chuma kilichooza waliogopa makalio yangu, na mtu hutumia kile alichopewa.

Shemeji alipuliza filimbi kwa hasira, mate yakaingia ndani ikagoma. Akashika njia ya bara na viatu vyake, kumfuata mzee wa dawa.

Ndipo mama mkwe aliponiita. Hakupaza sauti. "Umenizuia kumwona kaka yangu."

"Siku mbili, Mama."

"Wewe ndiye Mungu, unajua ana siku mbili?"

Kama bamba lile lingekuwa zima, kama sikio langu lilikuwa limezeeka, basi nilikuwa nimemnyima mama mzee kuagana na ndugu yake kwa sababu ya kiburi changu tu. Nilijua hivyo. Nikaanza kumwaga mafuta ya taa kwenye nati.

Nati zilizoshika kutu hazitaki nguvu, zinataka subira. Unamwaga mafuta, unagonga kidogo pembeni, unangoja, unamwaga tena. Mama mkwe aliomba asogezewe kiti karibu na mashua, ambayo mabaharia walikuwa wameivuta mchangani kwa kamba. Akakaa ananitazama kama askari anavyomtazama mfungwa. Nikakwangua rangi ya fedha kwa tupa. Ilitoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Chini yake chuma kilikuwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na kila tabaka linameguka kwa kucha. Bolti ya chini ilikatika yenyewe kabla spana haijazunguka. Nikashika bamba kwa mikono miwili, nikalikunja kidogo tu. Likavunjika.

Mashua nzima, tanga, kuku, kiti na mama mzito vingening'inia kwenye kitu kile.

Nikaviweka vipande mchangani, miguuni pake. Nilitaka aseme yeye. Mama mkwe alinyoosha mkono, akaokota kipande kidogo, akakigeuzageuza. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akakigusisha ulimi.

"Chumvi," akasema.

Akaangalia zile mbao bamba lilipokuwa. Zilikuwa na ukoko mweupe. Akaangalia chini yake, mahali palipokuwa na alama za mviringo za magunia. Kisha akaangalia magunia yangu, yaliyokuwa yanalowesha mchanga pale nilipoyashusha mashua ilipovutwa.

Miaka yote nilikuwa nikiyaweka pale, upande wa kulia, yameegemea chuma, kwa sababu pana kivuli na miguu ya watu haipiti. Maji ya chumvi yalichuruzika kutoka kwa ngege wangu, safari baada ya safari, yakalala nyuma ya bamba lile. Mume wangu alikuwa akipafuta kila mwezi na hakuwahi kuniambia. Ziwa lilikuwa tamu kweli. Mombasa niliileta mimi, kwa gunia.

"Nipe ile spana, Mama," nikasema. Akanipa.

Bamba la kushoto nililifungua pia. Lilikuwa zima, lakini sikutaka mzee na mgeni wabebe mlingoti mmoja. Nikachukua kipande cha pamba nikakipitisha juu ya kila waya kutoka mwisho hadi nilipofikia. Pamba ikinasa, uzi wa waya umekatika hapo. Ule wa kushoto ulikuwa laini. Ule wa kulia ulinasa mara tatu, zote karibu na pingu. Nikaukata urefu wa shubiri moja.

Kesho yake asubuhi na mapema nilipanda basi kwenda Kisumu, vipande vya bamba kikapuni chini ya majani ya ndizi. Nilimkuta fundi wa vyuma karibu na njia panda ya Mamboleo, kijana mwenye maneno mengi. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameniletea bamba lililopakwa, hebu niambie, rangi ya fedha.

Nikatoa nyundo kikapuni nikaligonga.

"Mama," akasema, "unanunua chuma au kengele?"

"Nanunua kengele. Hili lako ni boga."

"Hilo ni jipya kabisa!"

"Basi lilizaliwa likiwa mgonjwa. Nipe kile kilicholala pale nyuma ya mlango."

"Kile ni cha mlango wa lori."

"Na mimi nina mlingoti. Kata viwili. Kimoja kiwe kirefu kuliko hiki kwa shubiri moja, na matundu yaje mahali pake."

Ile shubiri ilikuwa ya kulipia waya nilioukata. Alipima vibaya mara ya kwanza, nikakataa. Mara ya pili akapima akiwa amenyamaza, na alipima sawa. Nimegundua mafundi wengi hupima sawa wakinyamaza. Nilichukua pia bolti mpya, nati, washa na pini, kila kimoja nimekigonga mbele yake, mpaka akawaita wenzake waje kumwona bibi anayepima mzigo kwa masikio.

Alasiri nilikuwa Asembo Bay. Baharia mmoja, yule aliyeruka mwisho, alikuja kushika bolti kwa nje mimi nikikaza kwa ndani. Hakuingia mashuani, aliogopa, lakini mkono aliutoa. Tulipomaliza niligonga. Kulia ikalia, kushoto ikalia. Mama mkwe, kwenye kiti chake, aliitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyesikia kengele ya ibada.

Shemeji alirudi kesho yake kabla ya saa sita na chupa ya maji ya kahawia, viatu vyote vumbi. Alinyunyizia mlingoti, akanyunyizia omo, ile pua ya mashua, akafika ubavuni akasimama.

"Vyuma vyangu viko wapi?"

"Kimoja hiki," nikasema, nikampa vile vipande viwili.

Alivitazama. Nadhani kwa muda mdogo sana alielewa, maana aligeuka akamtazama mama yake na shingo ikashuka. Ningeweza kumheshimu hapo. Lakini aligeuka tena upande wa mabaharia, akaona hawajaona, akavitupa vipande ziwani upesi kama mwizi. Kisha akasema kwa sauti, "Haya! Dawa imekubali. Ingieni."

Tukavuka, mimi nyuma, bila gunia hata moja. Katikati ya maji upepo wa mchana ulishuka kwa nguvu, mashua ikalala, waya wa kulia ukaanza kuimba. Mbao zililia. Mama mkwe hakuomba wala hakupiga kelele. Aliweka kiganja chake juu ya lile bamba jipya akakiacha hapo njia nzima, kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

"Mnaona dawa?" shemeji akapaza sauti. "Mnaona?"

Kaka mtu tulimkuta hai. Alikuwa ameketi, anakunywa uji na kumtukana aliyeupika. Dada yake alipoingia alinyamaza, akalia, kisha wakatukanana kwa furaha mpaka jioni. Aliishi miezi miwili baada ya hapo. Walikuwa wameagana.

Shemeji yangu alisimulia habari ya manyasi yake miaka yote ya sabini, kwenye kila msiba na kila harusi, na kila mara upepo uliongezeka. Bamba jipya alilipaka rangi ya fedha ndani ya mwezi. Nikalikwangua. Akapaka tena. Tulikwenda hivyo mpaka mashua ilipouzwa, na sikupata siku hata moja ya kumwona mtu yule kuwa na akili.

Habari ya chumvi haikujulikana ufuoni. Nilianza kuyaweka magunia yangu katikati, juu ya mbao zilizoinuliwa, na aliyeuliza nilimwambia ni kwa ajili ya hewa. Mama mkwe alijua, na hakumwambia mtu mpaka alipozikwa. Ila tukikaa kula, nikianza tu, nikisema yule mwanao na rangi yake, yule mwanao na filimbi yake, yule mjinga, yeye alinyoosha mkono wake mzito juu ya sahani bila kuniangalia.

"Nyar Kisumo," alisema, "nipitishie chumvi."

Nikampitishia. Nikamega ugali wangu.